Tübingen 1850: Kufuatilia Kitabu Kilichotoka Mombasa

Ukurasa wa jina umejaa Kiingereza. Mwandishi ni Mjerumani. Lugha inayoelezwa ni ya Mombasa. Na chini kabisa, pale mpiga chapa anapoweka jina la mji wake, pameandikwa Tübingen, 1850. Kitabu chenyewe ni Outline of the Elements of the Kisuáheli Language, cha Johann Ludwig Krapf, sarufi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa. Nilikuwa natafuta mahali pa kwenda likizo Ujerumani: mji mdogo, chuo kikuu cha kale, mto wa kutembea kando yake. Mstari ule wa mwisho ukanichagulia mji. Ila kila nikiusoma tena unanitia wasiwasi. Lugha ya bandari ilifikaje kuchapwa katika mji wa bara ambao hauna hata harufu ya bahari?

Nilianza pale anapoanza kila mtalii, kwenye vitabu vya kuongoza wasafiri. Vyote nilivyofungua vinaimba wimbo mmoja. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1477 na mtawala Eberhard wa Württemberg. Kepler alisoma pale kabla ya kuwa mnajimu wa dunia nzima. Hegel, Schelling na Hölderlin walikuwa wanafunzi wa wakati mmoja. Mji una wakazi kama 90,000, na wanafunzi ni sehemu kubwa ya watu unaopishana nao barabarani. Kisha huja picha ya mto Neckar na mashua bapa ndefu zinazosukumwa kwa pondo. Habari njema zote hizo, na sina ugomvi nazo. Lakini katika kurasa nilizosoma, Kiswahili hakikutajwa hata mara moja. Je, mji umesahau kitabu chake, au kitabu hakikuwa cha mji tangu mwanzo?

Nikahamia kwenye orodha za maktaba. Andika "Kiswahili" na mwaka 1850: hakuna kitu. Andika "Swahili": hakuna. Ukuta. Mwenye kufuata nyaraka za karne ya 19 lazima aandike kama walivyoandika wao: Kisuáheli, Suahili, Sooahelee, na Sowauli kwa wale wa mwanzo zaidi. Nilipoweka alama juu ya herufi a, mlango ukafunguka, na hakikutoka kitabu kimoja. Mwaka uleule, mji uleule, mpiga chapa yuleyule Fues: msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba vikiwemo, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Vitabu vitatu ndani ya mwaka mmoja si bahati nasibu. Ni mpango wa mtu aliyejua anakwenda wapi na mkoba wake. Ni nini kilimwelekeza huko?

Jibu la haraka lipo, nalo ni zuri mpaka linatia shaka: alirudi kwao. Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 Derendingen, kijiji cha wakulima nje kidogo ya Tübingen, ambacho tangu 1934 ni sehemu ya mji huo. Aliondoka Mombasa mwaka 1850 baada ya miaka 6 ya pwani, akapitia Misri hadi Ulaya, na miswada yake ikasafiri naye. Mtu arudipo nyumbani baada ya muda mrefu, shughuli zake huzimalizia karibu na kwao. Ni sawa. Lakini mwajiri wake alikuwa jumuiya ya kimisionari ya London, kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa huko, na London haikukosa mitambo ya chapa. Kupakumbuka nyumbani kunatosha kueleza uamuzi wa namna hiyo?

Hapo nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Miaka 300 kamili kabla ya Krapf, mwaka 1550, vitabu vya kwanza kabisa vya Kislovenia vilitolewa: katekisimu na kitabu cha alfabeti. Mwandishi wake alikuwa Primož Trubar, mhubiri wa Kiprotestanti aliyefukuzwa kwao. Watafiti wengi wanasema vilichapwa Tübingen. Lakini ukurasa wa jina unasema vingine: unataja Transilvania, na mpiga chapa wa kubuni, maana vitabu vya aina hiyo vilikuwa hatarini wakati ule. Trubar baadaye alikuwa mchungaji wa Derendingen, kijiji kilekile, na huko ndiko alikofia mwaka 1586. Kijiji kimoja, lugha mbili zikipita katika mitambo ya mji mmoja. Mfuatano huu unavutia, lakini pia unaonya: ikiwa ukurasa wa jina wa 1550 ulificha ukweli, kwa nini niuamini wa 1850?

Nikaupima mstari wangu kama mtu anayepima shahidi. Mwaka 1850 hakuna aliyehitaji kuficha mahali pa chapa: sarufi ya lugha ya pwani haikumtisha mtawala yeyote wa Ujerumani. Vitabu vyote vitatu vinataja mji mmoja na mpiga chapa mmoja. Mwandishi alikuwa na uhusiano na mji huo tangu utotoni, tena mwaka 1842 chuo kikuu chake kilikuwa kimemtunuku udaktari kwa kazi yake juu ya lugha za Ethiopia. Kila ushahidi unaelekea upande mmoja. Basi Tübingen ni kweli. Ila mahali kitabu kilipochapwa ni jambo moja, na mahali kilipotoka ni jingine, na wengi huyachanganya. Ili niyatenganishe, sina budi kuufuata mguu wa mtu mwenyewe. Tuanzie wapi kama si Derendingen?

Mpango wangu wa siku ya kwanza ni wa miguu. Unashuka treni kwenye stesheni kuu ya Tübingen, unaupa mji wa kale kisogo, unafuata kijito cha Steinlach kuelekea kusini-magharibi. Ni mwendo mfupi, usiotoa jasho. Derendingen ya leo ni kitongoji cha nyumba nadhifu, lakini kanisa la kale la Mtakatifu Gallus bado limesimama, na ndani yake mna kumbukumbu ya Trubar. Krapf naye hakusahauliwa kabisa: shule ya msingi ya hapo ina jina lake. Watoto wa Derendingen hulitamka jina hilo kila asubuhi wakienda darasani. Nikikaa mbele ya ramani, naona jinsi kijiji kilivyo karibu na mji, na jinsi mtoto wa mkulima angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Lakini kuutazama mnara wa kanisa kwa mbali hakumfanyi mtoto kufikiria Afrika. Nani aliiweka Afrika kichwani mwake?

Mwenyewe ametuachia maelezo. Anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 11 jirani alimpiga vibaya kwa kumdhania mtu mwingine, akaugua kwa miezi, na ugonjwa ukamgeuza kuwa msomaji. Baadaye akapelekwa shule ya Kilatini mjini Tübingen. Akapata ramani, akaona sehemu za Adal na Somalia zina majina machache sana, akapata pia kusoma safari za James Bruce nchini Ethiopia, na akaanza kujiuliza kama nchi ile imejaa fisi tu. Simulizi tamu, nayo hurudiwa kila anapotajwa. Ila tazama tarehe: kitabu cha safari zake kilitoka mwaka 1858, alipokuwa karibu na miaka 50, akiitazama nyuma njia ambayo tayari ameshaipita. Mtu akishafika, hukumbuka dalili zilizoonyesha kwamba atafika, na zile zilizoelekeza kwingine husahaulika. Je, ramani ile ndiyo iliyomtuma, au mzee ndiye aliyeirudia ramani ili njia yake ipate mwanzo?

Kumbukumbu za miaka iliyofuata hazina unyoofu wa simulizi hilo. Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Miaka miwili baadaye akaacha, moyo wake ukiwa na mashaka. Akarudi nyumbani akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, kuanzia 1829 hadi 1834. Mtu aliyeitwa na ramani tangu utotoni haachi njia katikati bila vita ya ndani. Kwangu mimi, hii miaka mitano ndiyo muhimu kuliko hadithi ya fisi, kwa sababu ndiyo iliyomfundisha nidhamu ya kusoma lugha za kale na kuzichambua. Na ndiyo iliyomweka ndani ya mji huu akiwa mtu mzima. Je, alitembea wapi, na alipishana na nani katika vichochoro hivi?

Hapa kuna mtego, na mtalii yeyote anaweza kuuingia. Kando ya Neckar upo mnara wa manjano. Mshairi Hölderlin, akili yake ikiwa imetetereka, aliishi pale chini ya uangalizi wa familia ya fundi seremala tangu 1807 hadi alipofariki mwaka 1843. Kwa hiyo Krapf alipokuwa mwanafunzi, mshairi alikuwa hai, juu ya mto, mita chache kutoka njia za wanafunzi. Kalamu inawasha kuandika kwamba walionana. Lakini kuishi mji mmoja si kukutana, na hakuna karatasi niliyoiona inayowaweka pamoja. Zaidi ya hayo, mnara ule uliungua mwaka 1875 ukajengwa upya, kwa hiyo hata macho ya mtalii hayaoni kile alichokiona Krapf. Ikiwa alama kuu ya mji ni jengo la pili, ni vingapi vingine tunavyoviita vya kale bila kuuliza?

Swali hilo nimelipangia asubuhi nzima uwanjani pa soko. Jengo la baraza la mji ni la 1435. Saa yake ya kinajimu, kazi ya Johannes Stöffler, ni ya 1511. Krapf angeweza kuitazama na kujua muda. Lakini michoro iliyoupamba uso wa jengo, ile inayopigwa picha na kila mgeni, iliongezwa mji ulipokuwa ukijiandaa kusherehekea miaka 400 ya chuo kikuu mwaka 1877. Reli yenyewe ilifika Tübingen mwaka 1861. Mwaka 1850 Krapf hakushuka stesheni, maana haikuwepo. Miswada ya Kiswahili iliingia mjini kwa barabara. Kwa hiyo ukitaka mji wake, ondoa rangi ukutani, ondoa reli, ondoa mnara wa sasa. Kinachobaki ni mawe, vilima, na kilima kimoja kikuu chenye ngome juu yake. Ngome hiyo inahusiana vipi na Afrika?

Inahusiana sana. Ngome ya Hohentübingen ndiyo iliyokuwa na maktaba ya chuo kikuu, ndani ya ukumbi wake mkubwa, tangu 1819 hadi 1912. Watalii huenda kuona farasi mdogo wa pembe ya mamothi wa miaka kama 40,000, na jiko la zamani lililogeuzwa maabara, ambamo Friedrich Miescher mwaka 1869 alitenga kwa mara ya kwanza kemikali tunayoiita leo DNA. Mimi naenda kwa sababu ya vitabu. Krapf akiwa Ethiopia tangu 1837 alituma Tübingen miswada ya Kiethiopia, na profesa Heinrich Ewald akaishughulikia. August Dillmann, mwanafunzi wa Ewald, alisoma katika mji huu akawa bingwa wa lugha ya Ge'ez; sarufi yake ya 1857 ikawa msingi wa fani nzima. Mji uliijua Afrika kwa njia ya maandishi kabla sarufi ya Kiswahili haijachapwa. Je, miswada ya Kiswahili nayo ilipanda kilima hiki?

Hapa njia ilinikatikia. Nilitarajia kwamba aliyetuma vya Ethiopia Tübingen angetuma vya Mombasa palepale. Haikuwa hivyo. Mwaka 1854 miswada ya tenzi za Kiswahili aliyoipata pwani, ukiwemo Chuo cha Herkal, tunaouita pia Utenzi wa Tambuka, ilipelekwa Halle, kwenye maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki. Halle ni mji mwingine wa chuo kikuu, mamia ya kilomita kaskazini. Kwa hiyo sarufi ilichapwa mji mmoja na ushairi ukahifadhiwa mji mwingine. Mpango wa likizo ukapasuka vipande viwili. Lakini kukatika huko kulinifaa kuliko kufika, maana utenzi huo ulitungwa Pate na unajitaja kuwa wa mwaka 1728. Kama ulikuwepo umeandikwa miaka 122 kabla ya sarufi, lile dai tunalolisikia kwamba Krapf aliipa lugha hii maandishi linasimama juu ya nini?

Halisimami. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa hati ya Kiarabu muda mrefu kabla mtoto wa Derendingen hajazaliwa. Mbali na tenzi, nyaraka za Goa nchini India zimehifadhi barua za Kiswahili kutoka Kilwa zilizoandikwa kuanzia 1711: barua za watu wenye mambo ya kutekeleza, si mazoezi ya wanafunzi. Na hata katika herufi za Kilatini Krapf hakuwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1814 msafiri Henry Salt alichapa orodha ya maneno. Mwaka 1845 nchini Marekani ukatoka msamiati uliokusanywa Zanzibar. Sura za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili, kazi ya Krapf mwenyewe, zilichapwa pia Marekani kabla ya sarufi. Dai linalobaki ni jembamba lakini ni imara: sarufi ya kwanza kuchapwa. Sarufi ni zaidi ya orodha ya maneno. Ni kueleza lugha inavyofanya kazi. Nani alimwonyesha inavyofanya kazi?

Sasa ramani ya Tübingen haitoshi, na mtafutaji analazimika kugeuza uso. Krapf alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1844, akapata barua ya utambulisho kutoka kwa mtawala wa huko, Sayyid Said, akaingia Mombasa. Miezi michache baadaye, Julai, mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga naye. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Alibaki akiwa mgonjwa na mfiwa, na bado alisoma. Kiarabu alikijua, na kwa mlango huo akaingia kwenye Kiswahili. Shajara yake inamtaja aliyeketi naye katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo: Sheikh Ali bin Muhidin, mwenye asili ya Barawa, kadhi wa Mombasa. Tulia kidogo juu ya jina hilo. Kadhi wa mji wa Kiislamu aliketi na mchungaji wa Kilutheri juu ya maandiko, wakipima neno kwa neno. Mbona jina hilo halijulikani kwa wanaolijua la Krapf?

Tena kadhi hakuwa mwalimu pekee. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, juu ya vilima, kwa watu ambao leo tunawaita Wamijikenda. Jina la zamani walilopewa na wageni limebaki kwenye ukurasa wa jina wa sarufi, kwa sababu kitabu kile kinaweka Kiswahili bega kwa bega na lugha ya Rabai. Kila mfano wa lugha hiyo ulitoka kinywani mwa mtu. Mtu huyo alikuwa na kazi nyingine siku ile, shamba, mbuzi, watoto, lakini alisimama akamjibu mgeni anayeuliza jinsi ya kusema "changu" na kisha "langu" pale nomino inapobadilika. Maswali ya namna hiyo huchosha, na wao waliyajibu kwa miaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Je, desturi ya nyakati zile iliruhusu waundaji kutajwa?

Wapo watakaosema haikuruhusu: msomi aliweka jina lake, wasaidizi wakabaki kivulini, na huo ndio ulikuwa utaratibu wa vyuo vyote vya Ulaya. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kumhukumu mtu wa 1850 kwa kanuni za leo. Lakini kuna karatasi inayoilegeza. Rebmann alikusanya kamusi ya Kinyasa, lugha ya pande za Malawi, huku mwalimu wake akiwa mtu aliyeletwa pwani utumwani, jina lake Salimini. Kamusi ilichapwa mwaka 1877, baada ya Rebmann kufariki, ikihaririwa na Krapf mwenyewe, na habari za Salimini zikaingia. Kwa hiyo mtumwa aliyefundisha lugha aliweza kutajwa kitabuni ndani ya kundi lilelile la watu. Desturi haikuwa ukuta. Ilikuwa na mlango. Kwa nini mlango huo ulifunguliwa kwa kitabu kimoja tu?

Katika makala za kumbukumbu, Krapf hupewa mojawapo ya sura mbili. Wa kwanza ni baba wa Kiswahili cha kisasa. Wa pili ni mtangulizi wa wakoloni, mtu aliyechora njia kwa wengine. Nimezipima zote mbili. Ubaba unaanguka mbele ya barua za Kilwa na tenzi za Pate. Utangulizi ni mgumu zaidi kuupima: alifariki Korntal mwezi Novemba 1881, kabla mataifa ya Ulaya hayajagawana Afrika Mashariki, na kamusi yake kubwa, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London mwaka uliofuata. Lakini ramani na ripoti za wamisionari zilisomwa na watu wenye nia nyingi, na alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini kwa sababu za dini yake. Hayo yote ni kweli kwa pamoja. Anayetaka kumwona mtu mzima, na si sanamu wala mshitakiwa, atazame nini?

Atazame kazi yenyewe, na ni kwa ajili ya kazi hiyo ninapanga siku zangu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye hamu hiyohiyo, haya ndiyo ya kushika mkononi. Viza ya Schengen ya muda mfupi hutoa siku zisizozidi 90, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, basi usingoje dakika ya mwisho. Stuttgart ndiyo mlango. Kutoka pale treni hukufikisha Tübingen kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida. Juni ni mwezi mzuri, siku ni ndefu, na wanafunzi hushindana kwa mashua za pondo sikukuu ya Ekaristi inapoangukia mwezi huo. Maktaba ya chuo kikuu ilishuka kutoka ngomeni mwaka 1912 ikahamia Wilhelmstraße. Andika mapema, na uandike jina la kitabu kwa tahajia ya zamani. Ukishakaa mezani na kitabu mbele yako, utakiuliza nini?

Mimi nitakiuliza mifano yake. Sitaanza na utangulizi, maana utangulizi ni sauti ya mwandishi. Nitaanza na sentensi ndogo ndogo zilizowekwa kuonyesha kanuni, kwa kuwa humo ndimo wasemaji walimojificha. Je, ni Kimvita? Kuna alama za Kiunguja? Neno hili ni la kadhi aliyesoma, au la mchuuzi wa gatini, au la mama wa Rabai? Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili anaweza kusikia tofauti ambazo profesa wa 1850 asingezisikia, na hii ni sababu ya kutosha ya kwenda mwenyewe badala ya kuridhika na picha za kitabu kwenye skrini. Kisha nitaorodhesha kila mahali panapotajwa mtu, hata bila jina. Orodha hiyo ikishakamilika, ipelekwe wapi?

Ipelekwe Mombasa na Rabai, na hiyo ndiyo sehemu ya pili ya likizo ambayo mwongozo wa wasafiri hauna. Sasa naweza kusema nilichokuja kusema. Tübingen ilitoa karatasi, wino na fundi wa kupanga herufi, na inastahili shukrani na ziara. Krapf alitoa nidhamu, miaka ya upweke na kalamu isiyochoka, naye anastahili kusomwa bila kupambwa wala kupakwa matope. Lakini lugha ilitolewa na watu wa pwani na wa vilimani, nao ndio ambao ukurasa wa jina haukuwapa nafasi. Anayepanga safari kwenda mji huu akitafuta asili ya Kiswahili cha vitabuni atakuwa amefika katikati ya njia, akadhani amefika mwisho. Jina moja la Mombasa tunalo tayari, la kadhi Ali bin Muhidin. Mengine yamo katika shajara, barua na kumbukumbu za koo za Rabai, nasi ndio tunaojua kuzisoma. Tutawaachia nani kazi hiyo?